Ngumi Nne Kushoto kwa Kibla

Miaka sitini na mitatu imempitia Bibi Maimunah binti Abudu kama kivuli cha ukuta kinavyovuka ua: ukikitazama hakisogei, ukigeuka kidogo kimekwisha kufika upande wa pili. Alizaliwa Bombo, katika ukoo wa Wanubi ambao babu zao waliletwa katika nchi hii wakiwa askari, wakabaki wakiwa wenyeji. Akiwa na umri wa miaka ishirini aliolewa Kisugu, na huko akakaa miaka arubaini na miwili. Akalea, akazika, akazoea mlio wa kila mlango wa jirani. Mwaka huu, baada ya kumaliza eda ya mumewe, alifunga mizigo yake akahamia Kawempe, upande wa pili wa mji, kwa mdogo wake wa kike, Bushira, aliyevunjika nyonga na ambaye tangu hapo husafiri ndani ya nyumba yake kwa kushika kuta.

Miongoni mwa mizigo hiyo kulikuwa na kifurushi kirefu kilichofungwa kwa leso mbili kuukuu. Vijana waliomsaidia kuhama walidhani ni fito za chandarua. Haikuwa hivyo. Ilikuwa antena: bomba jembamba lenye fimbo kumi na moja za alumini, fupi mbele na ndefu nyuma, zimepangwa kama mifupa ya samaki aliyeliwa kwa adabu.

Mumewe, marehemu Rajab bin Zuhair, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya pwani, lakini hakuipenda biashara. Alipenda vitu vinavyosema. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, na Maimunah, aliyeanza kwa kumshikia waya huku yeye akiunga kwa risasi iliyoyeyushwa, aliishia kuwa fundi kamili. Magoti ya Rajab yalipoanza kukataa ngazi, mkewe ndiye aliyepanda. Watu wa Kisugu walizoea kumwona juu ya mabati, kitambaa cha kichwa kimefungwa mara mbili kwa ajili ya upepo, akisimika antena bila kuuliza picha imefikaje chini, kwa sababu alijua imefika.

Alijua kwa kanuni aliyofundishwa na mumewe. Rajab alimwambia: “Simama kama mtu anayetaka kusali. Ukishaelekea kibla, nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha hesabu ngumi nne kuelekea kushoto, moja kando ya nyingine. Hapo ndipo antena itazame.” Siku moja Maimunah alimuuliza kwa nini iwe nne, na kwa nini kushoto. Rajab alikuwa na kipande cha waya mdomoni. Akasema, “Nitakueleza tukimaliza kazi.” Kazi haikuisha hata yeye alipokwisha. Lakini kanuni haikumwangusha Maimunah katika nyumba hata moja, na moyoni mwake ikakaa mahali palepale zinapokaa adabu: hatua ya kulia msikitini, mkono wa kulia mezani, antena ngumi nne kushoto kwa kibla.

Sasa tuingie Kawempe. Bushira ana binti mmoja tu, Shifa, mwenye miaka kumi na minane na sauti ambayo walimu wake huizungumzia kwa kunong’ona, wasije wakaitia kijicho. Ramadhani ilipofikia kati, Shifa alichaguliwa kuwa mmoja wa wasomaji sita wa mashindano ya tajwidi, usomaji wa Kurani kwa kanuni zake, ambayo yangeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, siku ya Jumamosi saa tisa alasiri. Aliporudi na habari hiyo uso wake ulikuwa na mambo mawili kwa pamoja.

“Mama mkubwa,” alimwambia Maimunah jikoni, “wamesema kila msomaji aje na mzazi. Na ukumbi uko ghorofa ya tatu.”

“Mama yako amesemaje?”

“Amesema hongera. Halafu amegeukia ukutani.”

Maimunah akafuta mikono. “Nenda ukasome. Yeye atakaa hapa hapa, na wewe utamjia. Atakuona kama unavyoniona mimi.”

Neno hilo lilikuwa ahadi, na aliyelitoa hakuwa mtu wa kutoa maneno ya kufurahisha. Simu ya kutazamia ilikuwa moja tu nyumbani, nayo ilikuwa ya Shifa mwenyewe. Jirani mwenye televisheni nzuri alikaa juu, mwisho wa ngazi. Televisheni ya Bushira ilikuwa nzima, na king’amuzi kilikuwamo ndani yake, lakini haikuwa na antena. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kubeba kitambaa cha kudarizi na saa ya mezani. Basi jambo lote lilisimama juu ya zile fimbo kumi na moja: ama Bushira amwone binti yake akisoma, ama asimwone.

Alhamisi, Maimunah alimwita Kidega, jirani mwenye karakana ya kuunga mageti. Kidega ni Mwacholi, mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake alikipata kambini pamoja na buti. Alileta bomba la chuma, akalisimamisha mbele ya nyumba, upande wa barabara, akalifunga ukutani kwa vyuma viwili. Maimunah akapaza sauti dirishani.

“Bushira! Mnaelekea wapi hapa mkisali?”

“Kule kule mnakoelekea ninyi watu wa Kisugu, dada. Au ulidhani Kawempe tuna Makka yetu?”

Maimunah akacheka, akasimama wima, akanyoosha mkono. Ngumi moja, mbili, tatu, nne. Kidega akaielekeza antena pale ilipoishia ngumi ya nne. Waya ukaingia dirishani, televisheni ikawashwa, ikaanza kutafuta chaneli. Ilitafuta mpaka mwisho, kisha ikaandika kwamba haikupata kitu.

Zamani televisheni ilikuwa na huruma. Ukikosea kidogo ilikupa chenga. Ukisogea vizuri chenga zilipungua, na sura ya mtu ikajitokeza ndani yake taratibu kama mtu anayetoka katika ukungu. Fundi aliongozwa na kosa lake mwenyewe. Matangazo ya siku hizi hayafanyi hivyo: ama yanakupa kila kitu, ama yanakupa kioo cheusi, wala hayakwambii ulikosea kwa unywele au kwa siku nzima ya safari. Maimunah aliligundua hilo siku nyingi, lakini halikumsumbua, kwa kuwa kanuni yake ilimfikisha palipo sawa tangu mwanzo.

Lakini safari hii kioo hakikukaa cheusi moja kwa moja. Alipotafuta mara ya pili, vikatokea vipande vya mraba, nusu ya tai ya mwanamume, na sauti iliyokatika kama ya mtu mwenye kwikwi. Kisha giza. Kipande hicho cha tai ndicho kilichompotosha. Alisema moyoni: ikiwa kitu kimefika, basi njia ni ile ile, kilichopungua ni kimo.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Kidega akaunga bomba jingine juu ya lile la kwanza. Tai ikarudi, safari hii na sikio moja, ikapotea. Maimunah akabadilisha waya wote, akakwangua ncha ya shaba mpaka ikang’aa. Masikio yakawa mawili. Kidega, aliyekuwa juu ya ngazi na koo kavu kwa jua ingawa yeye hakufunga, akaangalia mbele ya antena kwa muda mrefu.

“Mama, hii kitu inaangalia Bombo.”

“Inaangalia inapopaswa kuangalia.”

“Lakini Bombo iko na televisheni gani? Mimi nilikaa huko. Iko kambi tu na nyama choma.”

Bushira, ambaye kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, akadakia: “Muache, afande. Dada yangu amezaliwa huko. Antena imekumbuka kwao, inapeleka salamu.”

“Sasa, mama, tuzungushe kidogo?”

“Kidole kimoja tu,” Maimunah akasema. Wakazungusha kidole kimoja, ikawa hakuna sikio wala tai. Wakarudisha. “Unaona? Ni pale pale.”

Mtu asiyemjua angesema ni ukaidi. Lakini tuutazame ukaidi huo kwa haki. Miezi michache tu ilikuwa imepita tangu Rajab azikwe. Koti lake alikuwa amelitoa sadaka, zana zake nyingi amewagawia mafundi wengine. Kitu cha marehemu kilichobaki mkononi mwake akitumie kila siku kilikuwa maneno yale. Kuigeuza antena upande mwingine wowote ilikuwa sawa na kusimama mbele ya watu na kusema kwamba Rajab alikosea, naye hayupo wa kujitetea.

Jumamosi ikafika. Alfajiri ilinyesha mvua ya ghafla, ikaosha vumbi lililokuwa limetanda angani kwa wiki mbili. Shifa aliondoka saa nne, amevaa baibui mpya na mtandio wa mama yake mkubwa. Mlangoni alimuuliza Maimunah kwa macho tu. Maimunah akajibu kwa mdomo: “Nenda.”

Kufikia saa saba wanawake wa mtaa walikwisha kujaa sebuleni. Wamekuja kukaa na mama wa msomaji, kama desturi ilivyo. Miongoni mwao alikuwamo Munirah, muuza mboga wa Kalerwe, ambaye ulimi wake haujui mwezi mtukufu wala mwezi wa kawaida.

“Bi Bushira, kioo chako kizuri,” alisema. “Naona uso wangu mle. Basi na mimi nisome?”

Wakacheka. Bushira naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa ukikunja na kukunjua pindo la leso, na Maimunah aliuona.

Wakati wa adhuhuri ukaingia. Sebule imejaa, chumba cha ndani kimejaa watoto waliolazwa, barazani kuna viatu na Kidega na ngazi yake. Maimunah akachukua msala akaenda ua wa nyuma, mahali ambapo tangu ahamie alipaendea kwa ajili ya kuanika nguo tu, na anayeanika nguo hatazami mbali. Siku hiyo kwa ajili ya wageni kamba ilikuwa tupu. Akatandika, akaelekea kibla, akasali rakaa zake nne kwa utulivu kadiri alivyojaaliwa. Alipotoa salamu ya kwanza akageuza uso kulia, kama tunavyofanya sote, mpaka shavu lake likaonekana na aliye nyuma.

Na kule, nyuma ya bega lake la kulia, katika upenyo baina ya ukuta wa choo na nyumba isiyokwisha ya jirani, ng’ambo ya mabati yote ya Kalerwe, katika hewa iliyooshwa, ilisimama minara ya mlima wa Kololo.

Aliitambua papo hapo. Miaka arubaini na miwili aliiona kutoka ua wa msikiti wa Kisugu, kama mtu anavyoijua sura ya jirani asiyewahi kuzungumza naye. Alijua pia, kama kila mtu ajuavyo, kwamba matangazo hutoka huko. Lakini alijua kama tunavyojua kwamba mvua hutoka mawinguni: hakuna anayelitafuta wingu lenyewe. Akageuza uso kushoto, akamaliza salamu ya pili, na moyo wake ulikuwa umekwisha kuinuka kutoka kwenye msala kabla yake.

Hakukimbia. Kwanza alisimama pale pale, akaelekea kibla, akanyoosha mkono. Kule Kisugu minara ilikuwa mbele yake, kushoto kidogo. Ngumi ngapi? Akafumba macho akauona ua ule wa msikiti, na mlima, na mkono wake mwenyewe. Nne. Zilikuwa nne kwa sababu mlima ulikuwa umekaa hapo, si kwa sababu nyingine yoyote. Akafumbua macho, akaanza kuhesabu upya kuelekea kulia, ngumi kando ya ngumi, akijizungusha mwili polepole kama mtoto anayejifunza mchezo. Zilipita tano, zikapita tisa. Zilipofika kumi na mbili na nusu, ngumi yake ikaufunika mnara wa kati.

Hapo ndipo alipoielewa ile tai na yale masikio. Antena yake ilikuwa imeupa mlima mgongo karibu kabisa, na kile kidogo kilichoingia kiliingilia nyuma, kama harufu ya chakula inavyoingia katika nyumba iliyofungwa mlango.

“Kidega!” Sauti yake ilizunguka nyumba kabla ya miguu yake. “Panda!”

“Kidole kimoja, mama?”

“Kidole kitu gani! Nyuma, geuka!”

Mwanajeshi mstaafu, aliyekwisha kufika nusu ya ngazi, alibana visigino bila kukusudia, akaja juu akicheka mpaka ngazi ikatikisika. Akalegeza nati, akaizungusha antena nusu duara. Mifupa ya samaki ikaondoka Bombo, ikapita juu ya barabara, ikaja kutazama juu ya paa la nyumba yenyewe, kusini na mashariki.

Sebuleni kukapigwa ukelele. Picha haikuja kwa vipande. Ilikuja nzima, mwanamume mwenye tai yake, masikio yake mawili na miwani ambayo hakuna aliyekuwa amejua kwamba anayo. Ilikuwa saa nane na robo. Munirah alisema, “Kumbe ana sura nzuri, maskini, tulimweka nje siku tatu!”

Shifa alikuwa msomaji wa nne. Alipoketi mbele ya kipaza sauti alipanga mtandio wake kwa mkono wa kushoto, namna ile ile ambayo Bushira hupanga wake, na wanawake wote wakageuka wakamtazama Bushira kwa wakati mmoja. Yeye hakuwaona. Midomo yake ilikuwa ikitangulia kila neno kwa nusu pumzi, kana kwamba anamshikia mtoto mkono katika kuvuka. Palikuwa na mahali pamoja pa kuvuta sauti kwa muda mrefu. Shifa akafumba macho, na chumba kizima hakikuvuta pumzi mpaka yeye alipovuta yake.

Alishika nafasi ya tatu. Bushira hakuuliza nafasi. Alisema tu, “Dada, umeona alivyofumba macho? Alikuwa akifumba hivyo hivyo nikimnyonyesha.”

Maimunah alikuwa amesimama mlangoni, bado ana vumbi la waya mikononi. “Rajab hakukosea,” akasema.

“Nani alisema alikosea?”

“Hakuna. Kanuni yake ilikuwa ya Kisugu. Mimi ndiye niliyeibeba mpaka huku.”

Habari hii ilinifikia kwa njia isiyotazamiwa. Wiki moja baada ya Idi, Maimunah alikuja Kisugu kuzuru kaburi, na baada ya darsa ya alasiri akanijia na swali la fikihi. Alitaka kujua kama sala yake ya adhuhuri siku ile ilikuwa sahihi, kwa kuwa baina ya salamu ya kwanza na ya pili moyo wake ulikuwa Kololo. Nilimjibu kwamba wanazuoni wetu hawaibatilishi sala kwa fikra inayopita moyoni. Hupunguza utulivu, na sote tuna deni la utulivu. Akashukuru. Kisha akaniuliza lile ambalo, nadhani, ndilo lililomleta.

“Sheikh, Rajab alijuaje?”

Nikamkumbusha kwamba mumewe alihudhuria darsa zetu za falaki, elimu ya nyota, kwa miaka mitatu, tulipokuwa tukisoma namna wazee wa elimu walivyoipata kibla kwa vivuli, kwa nyota na kwa usturlabu, chombo cha kupimia nyota, na namna ya kuipima mbingu kwa ngumi mahali ambapo hakuna chombo. Na tulisoma pia kwamba mtu wa Yemeni huelekea kaskazini na mtu wa Shamu huelekea kusini, na wote wawili wanaielekea nyumba moja. Rajab alikuwa kijana aliyekaa karibu na mlango. Sikumbuki kama aliwahi kuuliza swali. Kumbe alitoka na elimu ile akaitia katika kazi ya mikono yake, akaipima Kololo kutoka Kisugu, akampa mkewe jibu bila ya hesabu.

Maimunah akatoa mkobani daftari la shule, lenye jalada la bluu. Humo ameandika kwa mkono wake: Kisugu, nne kushoto; Kawempe kwa Bushira, kumi na mbili na nusu kulia. Chini yake ameacha kurasa nyingi tupu. Munirah amekwisha kumkaribisha Kalerwe akapime, na yeye mwenyewe anataka kujua, kwa ajili ya kujua tu, ni wapi katika mji huu mtu akisali hupata mlima umekaa sawasawa mbele yake, bila ngumi hata moja kushoto wala kulia. Nilimwambia nami ningependa kujua. Tumekubaliana kwamba akipapata ataniletea habari.

Ewe Mola uliyeweka kila kitu mahali pake na kila jicho mahali pa kutazamia, mhifadhi Maimunah binti Abudu, umpe afya ya magoti na uzima wa macho, na umzidishie kuuliza. Mtilie nuru Rajab bin Zuhair katika kaburi lake, kwa kila nyumba aliyoifikishia sauti njema. Iponye nyonga ya Bushira, ihifadhi sauti ya Shifa na kijicho na kiburi, mlipe jirani yao Kidega kwa wema wa ngazi yake, na uwajaalie wote wa nyumba hiyo, waliopo na watakaozaliwa, wasikose njia ya kuonana. Amina.